Ampu ya gitaa la stili: jinsi ya kuichagua na kuitumia bila kuiharibu sauti

Wapenzi wa country mnaijua ile sauti inayolia nyuma ya mwimbaji, inapanda, inateleza, inashuka polepole kama mtu anabembeleza mtoto alale, hiyo ndo stili ya pedali, na wengi wanaoniuliza habari zake huwa wameshanunua chombo chenyewe au wako mbioni, kilichobaki ni swali moja tu, nichukue ampu (kikuza sauti) gani? Mimi niko Texas miaka mingi sasa, Jumamosi napiga kwenye kumbi za dansi na Jumapili kanisani, lakini mtoto wa Nakuru mimi, nimekua na redio ya mzee ikipiga Jim Reeves na Don Williams kila wikendi, kwahiyo nikiandika hapa namfikiria yule aliye Dallas au Minneapolis na vilevile yule aliye Nairobi au Arusha ambaye umeme wake ni mwingine na duka la ampu za aina hii hana karibu.

Kabla hujauliza jina la ampu, elewa kwanza chombo kinataka nini. Stili ya kawaida ina nyuzi 10 kwa kila shingo. Shingo hupewa jina kwa jinsi nyuzi zake zinavyotuniwa, ya E9 ndo ile ya country ya Nashville, ya C6 ndo ya swing ya Texas na mambo ya jazz, wengine wana zote mbili wengine wana moja tu. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, mguu wa kushoto uko kwenye pedali za kuvuta nyuzi, magoti yanasukuma levi (wenzo za chuma chini ya stili), na mguu wa kulia, huu ndo ninaoutaka uukumbuke, hauondoki kwenye pedali ya volyumu toka wimbo uanze hadi uishe.

Huo mguu wa kulia ndo unaamua ampu yako. Ukidonoa uzi sauti inatoka na nguvu alafu inaanza kufifia, sasa mpigaji anaanza na pedali ikiwa kama nusu hivi, na kadiri sauti inavyofifia anaisukuma kidogokidogo mbele, matokeo yake noti inakaa palepale kama ya fidla, haifi. Ndo maana stili inalia vile. Maana yake ni kwamba unapiga muda wote ukiwa umeweka akiba, na ampu lazima iwe na hiyo akiba kweli. Ampu ndogo ukiisukuma mpaka mwisho wake haiongezi kitu, inabana sauti na kuanza kukwaruza, na stili unapiga noti mbili tatu kwa pamoja huku moja inavutwa na pedali na nyingine imetulia, zikikwaruza kwa pamoja zinakuwa uji mtupu, husikii tena ile moja inayosogea. Mpiga gitaa la rock anautafuta huo mkwaruzo. Sisi tunaukimbia.

(Kuna watu ambao hawaukimbii na nawaheshimu sana, wale wa makanisa ya House of God huku Marekani, alikotokea Robert Randolph. Kule stili inaongoza ibada, inapiga kelele na waumini, na ule mkwaruzo kidogo ni sehemu ya lugha yao. Kama moyo wako uko huko basi baadhi ya ninayosema hapa utayageuza.)

Sasa wati. Hapa watu wengi wanapotea kwasababu wanadhani ukitoka wati 50 kwenda 100 sauti inakuwa mara mbili, hapana, unapata desibeli 3 tu, sikio linaona umeongeza kiasi, ili sikio lenyewe liseme hii sasa ni mara mbili unahitaji wati karibu mara 10. Kwahiyo mtu akikwambia ampu ya stili iwe na wati 200 usidhani anataka kuua watu masikio, anataka ile noti ya kwanza ukidonoa kwa nguvu ipite safi na bado pedali ibaki na pa kwenda. Kwa kupiga sebuleni wati 20 au 30 safi zinatosha kabisa. Ukiwa na bendi yenye dramu, usishuke chini ya 80 kama ni za transista, na ukiweza kufika 150 hadi 200 utalala usingizi. Za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, zinasamehe zaidi, zikifika mwisho zinabana kwa ulaini, wati 50 mpaka 85 za valvu watu wanafanyia kazi kubwa.

Kitu kingine ni besi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la kawaida ni E, kama Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde). Shingo ya C6 uzi wa kumi ni C ya Hz 65, chini ya hapo kabisa, na wakati huohuo juu kule nyuzi za E9 zinalia nyembamba kama filimbi. Spika ndogo ya inchi 8 au 10 haiwezi kubeba huo uzi wa kumi kwa volyumu ya ukumbi, itapiga makofi tu. Ndo maana kwenye stili utasikia watu wanaongelea inchi 15 mpaka unachoka. Historia yake ni ya zamani, mwaka 1953 kule California ilitoka Standel 25L15, wati 25 na spika moja ya JBL ya inchi 15, na mpiga stili Speedy West alikuwa mmoja wa waliozitumia mwanzo kabisa, ukisikiliza rekodi zake za enzi hizo utasikia noti zimetakata kama kengele. Toka hapo inchi 15 ikawa kama desturi. Ila usiifanye dini, siku hizi kuna spika za inchi 12 zilizoundwa kwa ajili ya stili, Eminence wana EPS-12C na EPS-15C, na kama unapiga E9 peke yake, ambayo uzi wake wa chini ni B ya Hz 123 hivi, inchi 12 nzuri inakutosha na mgongo wako utashukuru.

Majina sasa. Fender Twin Reverb, ilianza mwaka 1963, valvu nne za 6L6, wati 85, spika mbili za inchi 12, ni sauti nzuri sana, tamu, juu kuna mng'ao, lakini ina kilo 29 hivi na ukishaibeba ngazi mbili utaelewa kwanini wazee wengi waliiuza. Alafu kuna Peavey, kampuni ya Meridian huko Mississippi, hawa ndo waliowasikiliza wapiga stili wakatengeneza ampu za transista maalum, Session 400 ya miaka ya 1970, baadae Nashville 400 yenye wati 210 na spika ya inchi 15, alafu Nashville 112 ndogo ya wati 80 na inchi 12. Ukiingia ukumbi wowote wa dansi huku Texas uwezekano wa kukuta Nashville 400 iliyochubuka pembe zote ni mkubwa, zimepigwa miaka 30 na zinafanya kazi. Kwa mtu anayeanza, mimi ningesema tafuta Nashville 112 ya mkono wa pili iliyo salama. Ni nyepesi, iko wazi, ina nobu za sauti za kati zinazoeleweka, na ukitaka kuiuza baadae itapata mtu.

Kizazi kipya ni cha kampuni za Quilter na Milkman, Quilter walitoa Steelaire iliyofanywa kwa stili kabisa, na vile vichwa vidogo (ampu bila spika) vya wati 200 unavyoweza kuweka kwenye mkoba ukabeba na spika kando. Uzito umeisha. Wazee wengine wanasema sauti haina mwili, mi nimesikia watu wakipiga hizo ampu nikiwa nimefumba macho na sikuweza kusema ni ipi, kwahiyo ukipata usiogope.

Na aliye nyumbani ambaye hizi zote ni majina tu? Kuna njia. Roland JC-120, ile yenye spika mbili za inchi 12, iko kwenye studio na kumbi nyingi duniani na ni safi kupita kiasi, zima korasi, zima swichi ya brait (ya kuongeza mng'ao), shusha trebo (sauti za juu) mpaka 3, itakubeba vizuri. Njia ya pili ni ampu ya kinanda, hizi makanisani zimejaa, ni safi na zina wati za kutosha, tatizo lake ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Twita inatoa ule mchakacho wa chuma kikikwangua nyuzi, kitu ambacho spika ya gitaa inakificha yenyewe. Kama ina swichi ya kuzima twita izime, kama haina shusha trebo karibu yote na uweke kitambaa kizito mbele ya twita tu, nimefanya hivyo kwenye harusi moja Nakuru na hakuna aliyejua. Ampu ya gitaa la besi pia inasaidia, hasa kwa C6, ila nyingi sauti zake za juu zimefifia, hazina uhai kule kwenye nyuzi nyembamba. Unachotakiwa kukikwepa ni vile viampu vya mazoezi vya wati 15 vya rock, hata viwe vya bei gani.

Hapa kwenye umeme nataka usome polepole. Marekani ni volti 120 na Hz 60, nyumbani Kenya ni 240 na Hz 50, Tanzania 230 na Hz 50. Mwaka fulani nilikuja likizo na ampu niliyoinunua Texas, nikaichomeka sebuleni kwa mama kwa ile adapta ya plagi, na adapta ya plagi kazi yake ni kubadilisha umbo la meno tu, umeme unapita uleule. Ilitoa mlio mmoja, harufu ya varnishi ikajaa nyumba, transfoma kuu imeungua, na kuitengeneza ilinigharimu karibu nilichoinunulia. Kwahiyo kabla ya kitu chochote geuza ampu usome kibandiko cha nyuma. Kimeandikwa 100-240V? Uko salama, badilisha waya tu. Kina swichi ya kuchagua volti? Iweke sawa kabla ya kuchomeka. Kimeandikwa 120V peke yake? Unahitaji transfoma ya kushusha, na usichukue ndogo, Twin ikikazwa inavuta karibu wati 300, nunua transfoma ya 500 au zaidi ili isichemke. Na kama kibandiko kinasema 60Hz tu, basi transfoma ya ndani ikiwa kwenye 50 itapata joto zaidi, iachie nafasi ipumue, usiiegemeze ukutani au kuifunika na pazia, na ukiweza nunua toka mwanzo ile iliyotengenezwa kwa 240.

Athi nayo (waya wa ardhini, earth). Mpiga stili ameshika chuma, amegusa nyuzi, na mara nyingi ana maiki mdomoni ya kuitikia. Nyuzi zimeunganishwa na athi ya ampu, maiki imeunganishwa na athi ya mikisa, zikiwa kwenye soketi mbili zenye athi tofauti, au mojawapo haina kabisa kama kwenye majengo ya zamani, utapigwa shoti midomoni. Usikate jino la athi kwenye plagi kwasababu ya mvumo. Chomeka ampu na mikisa kwenye ekstensheni moja yenye athi nzima. Ukisikia hata kamtetemo kadogo, simama, mwite fundi.

Ukienda kukagua ampu ya mkono wa pili nenda na stili yako, au angalau omba kuichomeka kwa gitaa lenye pikapu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) kali, maana pikapu za stili ni kali kweli, nyingi zina kilo-omu 17 mpaka 20 wakati ya gitaa la Fender Stratocaster ni kama 6, kwahiyo ampu inayosikika safi kwa gitaa la mwenye duka inaweza kukwaruza kwako. Iwashe, ikae dakika 20 ipate moto ndo uanze kusikiliza. Zungusha nobu zote, zikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha. Piga uzi wa kumi kwa nguvu kama una C6, sikiliza spika kama inapiga makofi. Zima, alafu sukuma koni ya spika kwa vidole vya mikono miwili kwa usawa, taratibu, ukisikia kitu kinasugua ndani koili imepinda. Ampu ya zamani yenye mvumo mzito hata volyumu ikiwa sifuri mara nyingi kapasita zimechoka, sio mwisho wa dunia ila ondoa gharama ya fundi kwenye bei. Na usiifungue mwenyewe kama ni ya valvu, mle ndani kuna volti 400 na zaidi zinazobaki kwenye kapasita hata ukiwa umechomoa waya. Jambo jingine la valvu, kamwe usiiwashe ukaipiga bila spika kuunganishwa, utaua transfoma ya kutolea sauti. Za transista ni kinyume, zinavumilia bila spika lakini haziruhusu omu (ukinzani wa spika) ziwe chini ya zilizoandikwa nyuma, na kumbuka spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4.

Haya, ampu iko nyumbani. Njia ya waya iwe fupi: stili, pedali ya volyumu, ampu. Pedali nyingi za kawaida zina poti (kirekebishi cha sauti) ya kilo-omu 500 bila umeme wowote, na zina kasoro moja ambayo wanafunzi wengi hawaijui, pedali ikiwa chini ule mng'ao wa juu unapotea, ukiisukuma mbele unarudi, kwahiyo sauti yako inabadilika rangi kila mguu ukisogea. Dawa yake ni bafa ndogo, kisanduku kimoja kati ya stili na pedali, au pedali yenye saketi ya umeme ndani. Usitumie waya mrefu wa mita 6 mahali mita 3 zinatosha, nao unakula trebo. Na kwenye ampu za Fender zenye matundu mawili, tundu la 2 linapunguza nguvu na pia linailemea pikapu, jaribu la 1 kwanza ukiwa umeshusha volyumu, likikwaruza ndo uhamie la 2.

Kuweka volyumu, hapa ndo wengi wanakosea. Kaa kwenye kiti chako, weka pedali nusu, piga kama unavyopiga kwenye wimbo, sio kwa woga, alafu pandisha volyumu ya ampu mpaka uwe sawa na bendi. Kiwango chako cha kawaida kiwe hapo katikati, pale pedali inapokuwa nusu au theluthi mbili, ukikuta unapiga pedali ikiwa mbele kabisa muda wote, noti zako zitakufa mapema kwasababu huna pa kusukuma, na utaanza kudonoa kwa hasira na sauti itakuwa ngumu. Nimekaa na vijana wawili watatu waliodhani mikono yao ndo mibaya, tukapandisha ampu kidogo tukarudisha mguu nyuma, ndani ya dakika 10 stili ikaanza kuimba.

Toni sasa. Anza nobu zote zikiwa katikati, riverbu (mwangwi wa ukumbi) sifuri. Usianze na trebo, anza na sauti za kati, maana ndiko stili inakoharibikia. Kuna eneo la karibu na Hz 800 ambalo likizidi chombo kinaongea puani, kama mtu mwenye mafua, na sababu unaweza kuihesabu mwenyewe: uzi wa tatu wa E9, ile G# tunayoipenda wote, ukiwa wazi ni Hz 415, ukipeleka chuma fret ya 12 ni 830, yaani nyimbo zako tamu kabisa zinatua palepale kwenye eneo linalochoma. Kwenye Peavey Nashville kuna nobu ya shift inayochagua eneo na nyingine ya kuongeza au kupunguza, weka shift karibu na 800 alafu punguza mpaka puani pafunguke, simama hapo. Ukipunguza kupita kiasi utapendeza ukiwa peke yako chumbani lakini bendi ikianza utapotea, hutasikika kabisa. Fender za aina ya Twin zimeshapunguzwa katikati toka kiwandani, kule utahitaji kuongeza, sio kupunguza. Trebo iweke ukiwa unapiga juu ya fret ya 12, sio chini, maana chini kila kitu ni kitamu. Swichi ya brait izime, nasema hivyo kwa karibu ampu zote. Besi iweke ukiwa ukumbini, sio nyumbani, jukwaa la mbao lenye uvungu linaongeza besi kama ngoma, na ampu ikiwa kwenye kona ya ukuta inaongeza zaidi.

Riverbu kidogo, 2 au 3 kati ya 10, na kama wimbo ni wa haraka punguza. Dilei (mwangwi wa kurudia noti) mimi napenda milisekunde 300 hivi, mrudio mmoja au miwili, chini kabisa kiasi kwamba huisikii mpaka mtu aizime. Iweke baada ya pedali ya volyumu, ili ukifunga mguu mwangwi uendelee kufifia wenyewe, ukiiweka kabla mguu utaukata na itasikika kama mlango umefungwa.

Ampu iko wapi jukwaani? Sisi tunakaa, masikio yako yako juu kidogo ya mita moja, ampu ikiwa sakafuni nyuma yako inaipigia miguu ya kiti, wewe husikii trebo yoyote, unaiongeza, na mtu wa meza ya mbele anachomwa. Ipandishe juu ya kiti au kreti, nyuma yako upande kidogo, ielekee kichwa chako, ndo utasikia anachosikia yeye. Spika ya inchi 15 hasa inatupa zile sauti za juu kwa mstari mwembamba kama tochi, kwahiyo hebu simama mbele yake mwenyewe ukiwa kwenye saundi cheki, mwache mwenzako adonoe nyuzi mbili tatu. Kama kuna mvumo, zungusha kiti na stili yako digrii 45 hivi kushoto au kulia, pikapu za koili moja zinavuta mvumo kutoka taa za tyubu na dima (swichi za kupunguza mwanga), mara nyingi kuna kona moja ambayo mvumo unakaribia kuisha, weka alama ya tepu sakafuni hapo.

Maiki ya kawaida kama SM57 inatosha, iweke sentimita 5 kutoka kitambaa cha spika, katikati ya kitovu na ukingo, ukiiweka kwenye kitovu itachoma. Ukilazimishwa kuingia moja kwa moja kwenye mikisa bila maiki usikubali waya mtupu, sauti itakuwa kavu na kali kama mchanga, tumia tundu la ampu linaloiga spika au kisanduku chenye kazi hiyo.

Na zungumza na mtu wa mikisa kabla, kwa heshima, mwambie kaka mimi volyumu yangu inapanda na kushuka kwa mguu, ndo upigaji wenyewe, naomba usinifuate na fada (kile kitelezi cha volyumu). Alafu kwenye saundi cheki mpigie kwanza pedali ikiwa mbele kabisa na udonoe kwa nguvu zote, apime hapo, ndo urudi kwenye nusu yako. Asipopima hivyo, ukifika kwenye solo ataona taa nyekundu atakushusha, na hatakurudisha tena mpaka shoo iishe. Ukimaliza, piga picha ya nobu zote kwa simu kabla ya kuzima, na uandike ukumbi gani, maana ukirudi pale mwezi ujao utaanzia hapo badala ya kuanzia sifuri.